Jenerali na ubao

Tangu 1954 Jenerali Émile Janssens aliongoza Force Publique, jeshi lililokuwa pia polisi ya koloni. Alitukuza nidhamu; lakini uhuru ulipofika, 30 Juni 1960, hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Tarehe 5 Julai, mbele ya askari huko Léopoldville, aliandika ubaoni: kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yakalipuka, naye akaondolewa. Mwaka uliofuata, hapa kwetu Kindu, askari wa jeshi lililorithi lile waliwaua Waitalia 13 wa Umoja wa Mataifa. Dhambi ya wauaji ni yao wenyewe. Hata hivyo, nidhamu pasipo haki ni nyumba isiyo na msingi. Aliyepewa madaraka, hata ya kikundi cha parokia, awasikilize anaowaongoza mapema.