Hela, Ubongo na Kuaminiana: Kutoka Usangu hadi Mbozi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanaanthropolojia kijana kutoka Marekani, Richard McElreath, alikuwa Usangu, kwenye bonde lile la mpunga na ng'ombe ambalo leo ni wilaya ya Mbarali, akiwachezesha watu mchezo wa hela. Mchezo wenyewe ni rahisi. Unapewa fedha, tuseme ujira wa siku moja au zaidi, unaambiwa uzigawe na mtu wa jamii yako ambaye huambiwi ni nani. Unataja utampa kiasi gani. Akikubali, kila mmoja anaondoka na fungu lake. Akikataa, wote mnatoka mikono mitupu. Mara moja tu, hakuna kurudia wala kupatana.

Vitabu vya uchumi vilikuwa na jibu lao tayari: mpe kidogo kabisa, naye atapokea, kwa sababu kidogo ni bora kuliko kukosa. Mjerumani Werner Güth na wenzake walioubuni mchezo huu mwaka 1982 waliona tangu mwanzo kwamba watu hawafuati kitabu. Wasangu nao hawakukifuata. Wakulima kwa wafugaji, kwa wastani walitoa zaidi kidogo ya asilimia 40. Tena baadhi ya wakulima walikataa mafungu waliyopelekewa. Yaani mtu anakataa hela ya bure, mkononi, Usangu, bila mtu kumshikia fimbo.

Matokeo yalitoka mwaka 2001 pamoja na yale ya jamii nyingine, jumla 15 kutoka nchi 12, chini ya Joseph Henrich. Wahadza wa Ziwa Eyasi wamo, Waorma wa Kenya wamo. Wamachiguenga wa msitu wa Peru walitoa kama robo tu, na karibu hakuna aliyekataa. Watafiti wakajiuliza tofauti hii inatoka wapi. Umri haukueleza kitu, jinsia haikueleza, utajiri wa mtu mmojammoja haukueleza. Kilichoeleza ni namna maisha ya kila siku yanavyoendeshwa: watu wanauziana na kununuliana na wasio ndugu kiasi gani, na riziki yao inadai kushirikiana kiasi gani. Unavyoishi na watu ndivyo unavyogawa.

Nimeusoma utafiti huo nikiwa Ruanda. Si ile ya Kigali. Ni kata ya Mbozi, mkoani Songwe, mkoa ambao hadi mwaka 2016 ulikuwa sehemu ya Mbeya, kwa hiyo Usangu ni jirani kabisa. Hapa mazungumzo ya uchumi ni kahawa na mahindi, na kila msimu nasikia sentensi ileile kutoka kwa watu wenye vitambulisho shingoni: wakulima hawana elimu ya fedha. Wanauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, miezi kabla ya kuvuna. Walipeleka hela DECI. Ni tamaa, ni ujinga. Nimeandika habari za mikutano ya namna hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na sentensi hiyo imenichosha. Sayansi ya ubongo, ambayo watu wa semina wanapenda kuitaja, haiiungi mkono hata kidogo.

Tuanze na anayekataa hela. Mwaka 2003 Alan Sanfey na wenzake, Marekani, waliwalaza watu 19 ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, wakawachezesha mchezo uleule wa kugawana. Fungu la kudhulumu lilipoletwa, sehemu moja iitwayo insula iliwaka zaidi, sehemu ambayo huhusika pia mtu anapochukizwa na harufu au ladha mbaya. Na iliwaka zaidi fungu likitoka kwa binadamu kuliko likitoka kwa kompyuta. Waswahili tunasema mtu amenitia kinyaa. Kumbe tulikuwa karibu na jambo lenyewe. Dhuluma haipigiwi hesabu halafu ndipo ikasirishe. Hesabu na hasira vinakwenda pamoja.

Kisha kuna habari ya oksitosini. Mkunga yeyote anaijua: ni sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua. Mwaka 2005 watafiti wa Zurich, Michael Kosfeld na Ernst Fehr wakiwa miongoni mwao, walitangaza kwamba wanaume waliopuliziwa homoni hiyo puani walimkabidhi mtu wasiyemjua fedha nyingi zaidi kuliko waliopuliziwa dawa bandia. Dunia ikapata wazimu. Ikaitwa homoni ya kuaminiana, vitabu vikauzwa. Lakini utafiti ulipokuja kurudiwa kwa makini na watu wengi zaidi, likiwemo jaribio lililochapishwa mwaka 2020, matokeo yale hayakuonekana. Bado kuna wahamasishaji wanaosimama jukwaani na kutuambia kuaminiana ni kemikali. Ingekuwa hivyo, ushirika ungenunua vipulizio tukamaliza kesi.

Kinachonisaidia zaidi ni kazi ya Wolfram Schultz na nyani wake. Nyani anapewa tone la juisi, seli za dopamini zinachangamka. Ukitanguliza ishara, taa kwa mfano, baada ya muda seli zinachangamka taa ikiwaka, na juisi yenyewe ikija hazishtuki tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zinanyamaza kabisa, chini ya kawaida yake. Ubongo unaweka daftari la ahadi. Unalinganisha kilichosemwa na kilichokuja, kisha unasahihisha ukurasa.

Sasa rudi DECI. Kati ya mwaka 2007 na 2009 kampuni hiyo, iliyoongozwa na wachungaji, ilikusanya fedha za Watanzania kwa lugha ambayo kila mtu wa kanisani aliielewa: unapanda mbegu, baadaye unavuna. Ulikuwa mchezo wa piramidi; hela ya anayekuja leo ndiyo inayomlipa aliyekuja jana. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Hayo yanajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba wa mwanzo walilipwa kweli. Jirani alivuna, ukamwona na bati jipya. Taa iliwaka na juisi ikaja, ikaja tena. Aliyeahidi alikuwa mtu anayezika na kufungisha ndoa, si karani wa nyuma ya kioo. Kwa daftari la ahadi ambalo mtu wa kawaida alikuwa nalo mwaka 2008, DECI ilikuwa na alama nzuri kuliko taasisi nyingi halali.

Na hapo ndipo historia inapoingia, maana daftari la mkulima wa kahawa lina kurasa za zamani. Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa 1933. Ushirika ulienea, na baada ya Uhuru ukawa ndio mlango wa mazao. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, mazao yakahamia kwenye mamlaka za zao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, vyama vingi vikabaki na madeni. Mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa ipite tena AMCOS. Mzee mwenye miaka 70 ameyaona haya yote bila kuhama shamba.

Mmoja wa wazee hao, ambaye namwita baba mkubwa kwa ukoo wa mbali, nilimuuliza kwa nini mwaka jana aliuza sehemu ya kahawa yake mtini.

"Mwanangu," akasema, "yule kijana anakuja na hela mfukoni. Ananipunja, najua. Ila ananipunja leo, mbele yangu, na kiasi nakiona. Huku kwingine napunjwa nisijue lini."

Aliniambia kuhusu malipo ya pili ya chama kimoja, miaka ya nyuma, ambayo mpaka leo anayasubiri. Anacheka akisema hivyo. Mke wake hacheki.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara inauma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Mara nyingi hili hutajwa kama udhaifu wa akili. Kwa baba mkubwa silioni hivyo. Januari kuna sare na michango ya shule, kahawa itavunwa kuanzia katikati ya mwaka, na bei nzuri ya ushirika ni ahadi iliyowahi kufutwa kwa amri. Anakata sehemu ya zao, anaiuza kwa hasara anayoijua, nyingine anapeleka AMCOS. Kagera wanaiita butura, na viongozi huikemea kule kama wanavyoikemea hapa. Siitetei: mnunuzi wa mtini ni mnyonyaji, na familia zinaumia. Ila huyu mzee anafanya hesabu, na hesabu yake ina taarifa ambazo mtoa semina hana.

Ushahidi mwingine uko mkononi mwa kila mtu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, DECI ikiwa imepamba moto. Wakulima haohao wanaosemwa hawana elimu ya fedha wakaanza kumkabidhi wakala wa kibandani hela zao, kwa sababu ujumbe unaingia kwenye simu kabla hujaondoka dirishani, na salio unaliona. Hakuna aliyewahubiria waamini. Ahadi ilikuwa fupi, ililipwa, ikalipwa tena.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa kahawa nitakaotumwa kuandika, sitauliza wakulima wangapi wamepata elimu ya fedha. Nitauliza siku ngapi zinapita tangu kilo zinapoandikwa kwenye mizani hadi hela kuingia kwa mkulima, na siku hizo zikizidi zile zilizoahidiwa, nani anakuja kijijini kueleza.