Safu ya Lugha: Hurban

Neno hurban halikuzaliwa mtaani. Lilitoka kwa wenye redio Marekani. Waliibandika H ya Hispanic mbele ya urban, wakapata jina la vituo vinavyopiga regetoni na hip hop, watangazaji wakichanganya Kihispania na Kiingereza. Novemba 2004, KLOL ya Houston, kituo cha roki tangu 1970, kiliigeukia ghafla mitindo hiyo, "Gasolina" ya Daddy Yankee ikianza kutamba. Upepo ulipotulia, vituo kadhaa vikahamia muziki mwingine. Mwaka 2017 wimbo wa regetoni "Despacito" ukaitikisa dunia, lakini hurban halikufufuka. Regetoni, jina lililokulia kwenye kumbi za Puerto Rico, lingalipo. Jina la matangazo hufa na matangazo yake.