Nyimbo za Kungoja Kabla ya Noeli



Wengi wetu Wapentekoste husema Majilio ni desturi ya Wakatoliki. Lakini tuangalie yalianzaje. Katika karne ya 5, Perpetuus, askofu wa Tours katika nchi iitwayo leo Ufaransa, aliagiza Wakristo wafunge siku 3 kila juma, tangu tarehe 11 mwezi wa 11 hadi Noeli. Ilikuwa safari ya kufunga na kungoja. Na kufunga, sisi tunakujua vizuri.

Kungoja pia tunakujua. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2012 Goma ilianguka. Askari wa serikali waliokimbia wakafika hapa Minova, na Umoja wa Mataifa ukahesabu wanawake na wasichana zaidi ya 100 waliobakwa. Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 2 mwezi wa 12. Mama aliyetoka katika hayo angeimba nini siku ile?

Basi, viongozi wa kwaya, mnapopanga nyimbo za Majilio, msikimbilie Noeli. Jumapili mbili za kwanza ziwe za maombolezo, kwa sauti tu, bila ngoma wala gitaa. Ya tatu, ahadi za Isaya. Ya nne, wimbo wa Maria katika Luka 1. Ngoma zingoje Noeli yenyewe. Anayelia apate nafasi kanisani kabla ya anayecheza.

Zaburi ya 13 inaanza kwa swali la mtu aliyechoka kungoja, inaishia kwa kumwimbia Bwana. Tusiruke mwanzo wake.