Kutoka Moshi hadi Muscat: Historia ya Elimu ya Miaka ya Kati

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu za serikali. Wanafunzi walikuwa 909, wote wavulana, na walimu wao 30. Kongwe kati ya hizo ilikuwa Salalah tangu 1936. Ya pili, Saidiya ya Muscat, ilifunguliwa 1940. Ya tatu ilikuwa Muttrah, nayo ilianza 1959. Zote ziliishia elimu ya msingi. Kijana aliyefika mwisho na bado ana kiu ya kusoma ilimpasa aage kwao, aende Bahrain, Kuwait, Baghdad au Cairo. Kwa wengi safari ya kitabu iliishia hapo, wakiwa na umri wa miaka kumi na kidogo.

Leo, katika jiji la Muscat, wapo watoto wa umri huo wanaosoma mtaala uliotungwa mahsusi kwa ajili ya miaka 11 hadi 16. Ni mtaala unaodai kumtazama mtoto mzima: akili yake, mwili wake, lugha zake, tabia yake na nafasi yake duniani. Jina lake ni Programu ya Miaka ya Kati, na inasimamiwa na shirika la International Baccalaureate, au IB. Wazazi wengi wa Muscat huiona kama kitu kilichoshuka kutoka Ulaya. Lakini ukiifuata nyuma hatua kwa hatua, utakuta sehemu ya asili yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Na ukiifuata elimu ya Muscat yenyewe, utakuta Afrika Mashariki imo humo kwa zaidi ya karne.

Tuanze chuoni, kwenye darasa la Kurani. Mtoto wa Muscat, sawa na mwenzake wa Unguja au Lamu, alianza na alifu, akapanda juzuu hadi juzuu mpaka akahitimu. Wasichana walikuwamo pia. Chuo kilimpa kusoma, ibada na adabu. Yaliyobaki aliyapata kwa wakubwa: mizani na bei katika soko la Muttrah, nyota na pepo kwa manahodha, zamu za maji kwa wazee wa shambani. Elimu hiyo ilikuwa pana, ila iligawanyika. Mwalimu wa chuo hakufundisha biashara, na nahodha hakufundisha kuandika. Mtoto wa mfanyabiashara aliweza kuvuna pande zote mbili. Wa mtumwa au wa mchukuzi aliambulia kidogo.

Mwaka 1896 ilitokea shule ya namna nyingine. Mmisionari Mmarekani Peter Zwemer alikabidhiwa mjini Muscat wavulana 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, akawafungulia darasa. Watoto wale walikuwa wamevushwa bahari kwa nguvu, kisha wakajikuta wakifundishwa na mtu aliyevuka bahari nyingine kwa hiari yake, katika mji usio wa kwao wala wake. Zwemer alifariki 1898, lakini misheni yake ilibaki Muscat kwa miongo mingi, ikijulikana zaidi kwa hospitali. Darasa lake lilikuwa dogo, na lengo lake lilikuwa la dini. Hata hivyo linaonyesha jambo litakalojirudia katika historia hii: katika mji wa bandari, swali la mtoto afundishwe nini halikuwahi kuwa la wenyeji peke yao.

Ng'ambo ya bahari, Unguja ilikwenda mbele zaidi. Tangu Seyyid Said bin Sultan ahamishie makao yake huko katika miaka ya 1830, familia za Kiomani zilijenga maisha ya lugha mbili na tatu. Katika karne ya 20 shule za serikali ziliongeza Kiingereza, sayansi na jiografia juu ya Kiarabu na Kiswahili. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927, yaani zaidi ya miaka 40 kabla ya Muscat kupata ya kwake. Vijana waliofaulu walikwenda Makerere, Cairo na London. Mapinduzi ya Januari 1964 yalizitawanya nyingi ya familia hizo, zikaangukia Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Dubai na Uingereza.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alishika madaraka, naye akawaita Waomani wa nje warudi. Waliotoka Zanzibar na bara walirudi na vyeti, Kiingereza na uzoefu wa ofisi, mambo ambayo nchi ilikuwa na uhaba nayo mkubwa. Waliingia wizarani, hospitalini, kwenye kampuni ya mafuta na darasani. Wengi hawakuwa hodari wa kuandika Kiarabu, na kwa hilo walitaniwa, pengine walitiliwa shaka. Lakini walikuwa ushahidi ulio hai kwamba elimu iliyochanganya lugha na masomo ilikuwa imewasaidia watu kusimama tena baada ya kupoteza kila kitu. Hadi leo Kiswahili kinasikika Seeb, Al Khoudh na Ruwi, sebuleni na harusini, hata kama ubaoni hakimo.

Muongo wa kwanza ulikuwa wa kukimbizana na wakati. Madarasa yalifunguliwa kwenye mahema na vivulini mwa miti, majengo yakatumika kwa zamu ya asubuhi na ya jioni, na walimu wakaletwa kutoka Misri, Jordan na Sudan. Vitabu vya mwanzo vilikuwa vya Qatar, maana Oman haikuwa na vyake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza kama somo la historia linaongea na somo la sayansi. Swali lilikuwa kama pana mwalimu.

Wakati huohuo mji ulijaa wageni wa kazi, na kila jamii ikataka shule ya watoto wake. British School Muscat ilianza 1973, Indian School Muscat 1975. Mwaka 1977 Sultan Qaboos aliasisi The Sultan's School huko Seeb, ambako Kiarabu na Kiingereza vilipewa uzito kwa pamoja. Hiyo ikawa hatua ya watoto wa Kiomani wenyewe kuingia katika elimu ya lugha mbili. Kisha 1987 ikaja American British Academy, maarufu kwa kifupi ABA, na ndiyo iliyokuja kubeba programu tatu za IB, ile ya miaka ya kati ikiwemo.

Ili kujua programu hiyo ilitoka wapi, inatubidi twende Moshi, Tanzania.

Shule ya kimataifa ya Moshi ilianzishwa 1969, wakati hospitali ya rufaa ya KCMC ikijengwa na madaktari wa mataifa mbalimbali wakihamia na familia zao. Wakati huo IB, iliyoundwa Geneva 1968, ilikuwa na diploma peke yake, kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 wanaoelekea chuo kikuu. Walimu wa shule za kimataifa waliiona kasoro yake. Mwanafunzi alifika kwenye diploma inayomtaka afikiri, abishane kwa hoja na aunganishe masomo, ilhali miaka mitano ya nyuma alikuwa amekariri mtaala wa nchi fulani ya mbali kwa ajili ya mtihani wa nchi hiyo. Mwaka 1978 Jumuiya ya Shule za Kimataifa, iliyokuwapo tangu 1951, ilifanya mkutano wake Moshi. Mada yake ilikuwa mahitaji ya mtoto katika miaka ya kati ya masomo, kati ya umri wa 11 na 16.

Wajumbe wale walikutana katika nchi ambayo hoja kama hiyo ilikuwa ikijadiliwa kwa miaka 11. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kuuthamini mtihani kuliko maisha. Hali za watu zilitofautiana sana: Nyerere aliwazungumzia watoto wa wakulima waliokuwa wakiishia darasa la saba, na wale wa mkutano waliwazungumzia watoto wa madaktari na mabalozi. Hatuhitaji kusema kwamba wamoja waliwaiga wengine. Inatosha kuona kwamba pande zote mbili zililalamikia jambo moja: shule iliyokata elimu vipandevipande na kumsahau anayesoma.

Kazi ya kuutunga mtaala ilichukua zaidi ya miaka kumi. Miongoni mwa waliouchora alikuwamo Gérard Renaud, mwalimu wa falsafa aliyewahi kuiongoza IB yenyewe. Nguzo zilizochaguliwa zilikuwa tatu: kumfundisha mtoto kwa ujumla wake, kuufahamu utamaduni wa wengine, na mawasiliano. IB iliuchukua mradi huo 1992, ikauzindua rasmi 1994.

Darasani mtaala huu una makundi manane ya masomo: lugha na fasihi, lugha ya kujifunza, masomo ya jamii, sayansi, hisabati, sanaa, elimu ya mwili na afya, na ubunifu. Kila kundi linapaswa kupata angalau saa 50 kwa mwaka, ingawa katika miaka miwili ya mwisho shule inaweza kuruhusu mwanafunzi achukue makundi sita kati ya manane. Kila mwaka lazima pawe na kazi inayounganisha masomo mawili au zaidi. Katika kila somo mwanafunzi hupimwa kwa vigezo vinne, kila kimoja alama nane, na jumla yake hugeuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7. Mwalimu hamlinganishi na jirani yake wa dawati. Anamlinganisha na kigezo kilichoandikwa mapema. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya mradi wake mwenyewe, anaouchagua, kuupanga na kuutolea ripoti.

Kwa Oman, masomo ya kuunganisha hayahitaji kutafutwa mbali. Tuchukue falaji, mifereji inayopeleka maji ya ardhini hadi mashambani na vijijini. Nchi ina takriban 3,000 zinazofanya kazi, na tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hugawanywa kwa muda, na kwa jadi zamu zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Ndani yake mna hisabati ya mgawanyo, jiolojia ya mteremko, sheria ya urithi na kukodisha, na historia ya vijiji vilivyohama maji yalipokauka. Mambo ambayo mtoto wa zamani aliyapokea kwa mzee wa shamba, mtaala huu unampa mwalimu nafasi ya kuyaingiza darasani na kuyahoji. Mwaka 2014 programu ilifanyiwa marekebisho makubwa, na tangu hapo kila mada hutakiwa kufungamanishwa na muktadha mmojawapo kati ya sita, kama vile utambulisho na mahusiano, au haki na maendeleo.

Kwa upande wa lugha, IB inasisitiza lugha ya nyumbani ya mtoto iheshimiwe. Nyumba nyingi za Muscat zina Kiswahili cha bibi, Kiarabu cha mtaani na Kiingereza cha shule. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za diploma ya IB, lakini kuwamo kwenye orodha hakuleti mwalimu. Mwalimu huletwa na wazazi wanaomdai na shule inayomlipa.

Ada nayo ni kizingiti. Shule hizi ni za kulipia, na ada zake huwaacha nje wengi wa wakaazi wa jiji. Kwa sababu hiyo tarehe nyingine inastahili kukumbukwa kando ya 1994. Mwaka wa masomo wa 1998/99 serikali ya Oman ilianza mfumo mpya wa Elimu ya Msingi katika shule 17. Miaka kumi ya mwanzo ilifanywa safari moja, Kiingereza kikaanza darasa la kwanza badala ya la nne, masomo ya kompyuta na stadi za maisha yakaongezwa, na mwalimu akatakiwa apunguze kukaririsha na kuongeza shughuli. Utekelezaji haukuwa sawa kila mahali, na walimu waliofunzwa kwa njia ya zamani hawakubadilika kwa waraka. Lakini shule zilizolengwa zilikuwa za umma, ambazo leo zimezidi 1,000, za wasichana na wavulana.

Moshi nayo haikuachana na swali lake: mwaka 2019 shule ile ilijiunga na mtandao wa kimataifa wa shule za UWC, ikawa UWC East Africa, na sehemu ya wanafunzi wake husoma kwa ufadhili. Muscat pia imejibu kwa njia mbili, ya ada na ya umma. Historia ya miaka 50 iliyopita inaonyesha kwamba kutunga mtaala mpana ndiyo sehemu nyepesi: ulitungwa kwa miaka 16, kuanzia mkutano wa 1978 hadi uzinduzi wa 1994. Kumfikisha ndani yake mtoto ambaye wazazi wake hawana ada ndiyo kazi iliyoanza na wale wavulana 909, na haijaisha.