Plagi Iliyovia

Gereji nyingi zina hukumu moja tu kwa plagi nyeusi: imekufa. Fundi anaifungua kwa spana yake ndefu, anaitupia jicho mara moja, anaitia kwenye kopo la vyuma chakavu, na kijana anatumwa dukani. Nina ugomvi na hukumu hiyo. Plagi iliyokufa ni ile iliyopasuka kauri, au iliyolika ncha mpaka pengo la cheche likawa pana kupita kiasi. Ile nyeusi mara nyingi ni nzima, ila imezuiwa kufanya kazi. Vitabu vya magari vya Kiingereza huiita hali hiyo "fouling", neno ambalo mabaharia wao hulitumia pia kwa nanga iliyonaswa na mnyororo wake na kwa chombo kilichoota makome tumboni. Wafasiri wetu wengi wakilikuta huandika "uchafu wa plagi", wakaendelea na safari. Lakini plagi inaweza kuwa chafu na ikawaka vizuri tu.

Jina la kifaa chenyewe lina kisa. Sisi wa upande huu tunasema plagi, jina lilelile la kile cha kuchomeka ukutani, kwa kuwa tulilipokea kwa Waingereza ambao kwao maana ya kwanza ni kizibo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa Waswahili wa Kongo, fundi atakwambia buji, na hiyo ni Kifaransa cha mshumaa. Wajerumani nao huiita mshumaa wa kuwashia. Kwa shughuli yetu ya leo mshumaa unafaa kuliko kizibo, maana mambo yote yanaanzia kwenye joto.

Cheche hutokea pale umeme wa volti maelfu kwa maelfu kutoka kwenye koili unapolazimika kuruka pengo dogo kati ya ncha mbili. Kinachoulazimisha ni kauri nyeupe iliyozunguka ncha ya kati: umeme haupiti kwenye kauri. Sasa paka kauri hiyo masizi. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Umeme umepata njia ya mkato. Unatambaa juu ya masizi hadi kwenye bodi ya chuma, na pengo linabaki bila cheche. Dawa ya masizi plagi inayo yenyewe, nayo ni moto. Pua yake ikifikia joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, kaboni huungua ikaondoka. Chini ya hapo masizi hurundikana. Ikizidi sana nyuzi 850 huingia hatari nyingine, ya kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo injini ya rota inapotufaa kama mfano, kwa sababu imebanwa pande zote mbili za kipimo hicho. Ninaizungumzia ile ya Mjerumani Felix Wankel, iliyowaka kwa mara ya kwanza katika kampuni ya NSU mwaka 1957, kisha Mazda wa Hiroshima wakaichukua na kuitia kwenye Cosmo Sport mwaka 1967. Haina pistoni. Ndani ya nyumba iliyo kama namba 8 iliyonenepa kiuno, rota ya pembetatu yenye mbavu zilizotuna huzunguka, na kila ncha yake ina sili inayosugua ukuta muda wote. Mfano wangu ni Mazda RX-7 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, na hasa zile zenye injini ya 12A: rota mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 1146, kabureta ya Nikki, na plagi nne, mbili kwa kila rota.

Katika injini ya pistoni, chumba kinachoungua ndicho hichohicho kinachovuta hewa mpya, kwa hiyo plagi hupata pumzi ya baridi kila mzunguko. Kwenye rota, kuvuta kunafanyika upande mmoja wa nyumba na kuungua upande wa pili. Plagi imekaa upande wa moto maisha yake yote, wala upepo wa baridi haufiki. Zaidi ya hayo, kila plagi hupiga kwa kila mzunguko wa shafti, wakati ya pistoni ya stroki nne huwasha mchanganyiko mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa sababu hiyo Mazda hulazimika kutumia plagi baridi.

Nisimame kwenye "plagi baridi", maana maneno haya mawili yamepotosha wengi. Hayasemi habari za cheche. Yanasema jinsi plagi inavyotoa joto: pua fupi ya kauri hulikabidhi joto upesi kwa kichwa cha injini, nayo ndiyo baridi; pua ndefu hulishikilia, nayo ndiyo moto. Na usidanganywe na namba. Kwa NGK, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake.

Plagi baridi inaitendea injini haki gari likikimbia. Likiwa kwenye foleni, au likiwashwa asubuhi na choki imevutwa, pua haifikii nyuzi 450 hata kwa bahati. Ongeza na hili: sili za rota hulainishwa kwa oili ambayo pampu ndogo huipeleka kwenye kabureta ili iungue pamoja na petroli. Mvuvi mwenye mashine ya boti ya stroki mbili hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye huchanganya oili na petroli kwa mkono wake, na haendi baharini bila plagi ya akiba.

Sasa turudi kwenye neno. Mpishi akipika wali kwa moto usiotosha, au moto ukafifia katikati, wali haukufa wala haukuchafuka. Umevia. Mmea uliokosa nguvu ukadumaa, nao umevia. Na damu iliyosimama chini ya ngozi ikaacha doa jeusi, tunasema imevilia. Kilichozuiliwa kufika ukamilifu wake, mara nyingi kwa uhaba wa moto, kina kitenzi chake katika lugha hii tangu kabla ya petroli. Ninapendekeza kiingie kwenye vitabu vya ufundi: plagi imevia, kuvia kwa plagi. Najua fundi wa kwanza atakayeambiwa hivyo atacheka. Acheke, lakini aangalie neno linavyomwelekeza: akisikia "imekufa" anakwenda dukani, akisikia "imevia" anauliza moto umekosekana wapi.

Na swali hilo linajibika. Fungua plagi zote nne na uzipange mezani kwa nafasi zake, za rota ya mbele na za rota ya nyuma, za chini na za juu. Ukizichanganya umepoteza ushahidi. Zikiwa zote zimeshika masizi makavu kama ya chini ya sufuria, petroli ni nyingi kuliko hewa. Tazama choki kama inarudi yenyewe, chujio la hewa, na kiwango cha petroli ndani ya kabureta, ambacho Nikki hukuonesha kwa kidirisha cha kioo. Huenda pia gari halina ubovu wowote, linatumwa tu sokoni na kurudi, halijapata barabara ya kulichemsha. Lipe barabara.

Zile mbili za chini zikiwa safi na mbili za juu nyeusi, shuku umeme. RX-7 hii ina koili moja kwa plagi za chini na nyingine kwa za juu. Ya juu ikilala, gari bado linatembea, na dereva anaweza kukaa muda mrefu bila kujua. Mbili za rota moja zikilowa oili, na moshi wa bluu ukatoka asubuhi, hapo plagi haina kosa. Inakuletea habari za sili za oili pembeni mwa rota. Pima mgandamizo kabla ya kununua chochote, na ukumbuke kwamba rota ina nyuso tatu: geji ya kawaida hukuonesha uso wenye nguvu kuliko wenzake, labda uachie vali yake wazi na kuhesabu mishtuko ya mshale.

Zikilowa petroli, mara nyingi kosa ni la mwenye gari. Ameliwasha likiwa baridi, akalisogeza hatua kumi uani ili lingine lipite, akalizima. Petroli imebaki ndani, imeosha oili kwenye sili, mgandamizo umeanguka. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, toa plagi, zungusha injini kwa starta huku pedali imekanyagwa mpaka chini, tia oili kidogo kwenye matundu, rudisha plagi zilizokauka, kisha rudisha fyuzi na ujaribu tena. Kuzisafisha ni kwa petroli safi, na kuzikausha ni kwa upepo wa kompresa. Brashi ya waya iache: huacha chembe za chuma juu ya kauri, na chuma hupitisha umeme kuliko hayo masizi uliyokuwa ukiyakimbia.

Kwa hiyo safari nyingine fundi akikwambia plagi imekufa, mwombe kwanza akuoneshe pua yake. Kama kauri ni nzima na ncha hazijalika, mwambie imevia, na mkae pamoja mtafute moto ulikopotelea.