Tarehe ya Merekani na Bei Yake Unyanyembe

Merekani ya kwanza kuingia Unyanyembe ilikuja begani mwa Mnyamwezi. Naanza na hilo kwa sababu zipo baraza hapa Tabora ambako bado husemwa kwamba nguo ile tuliletewa na Waarabu wa Kaze, kama Tabora ilivyoitwa zamani, na kwamba bei yake waliipanga wao peke yao. Wazee wetu wa Ng'ambo hawakusema hivyo. Walisema babu zao, wakifuatana na Wasumbwa, walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla Mwarabu yeyote hajajenga tembe huku, wakauza, wakafunga mizigo, wakarudi mapema ili mvua ziwakute na jembe mkononi. Sioni sababu ya kutowaamini.

Nguo yenyewe ilikuwa ya pamba tupu, nzito, isiyong'arishwa wala kutiwa rangi. Ilifumwa Massachusetts, na wafanyabiashara wa mji wa Salem ndio walioijaza Unguja baada ya Sayyid Said bin Sultan kutiliana mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, mwaka 1833. Mwaka 1837 akaja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, naye ni mtu wa Salem. Walichukua pembe, sandarusi na ngozi, wakaacha majora. Watu wa pwani hawakujishughulisha na jina la kiwanda. Waliita nguo kwa jina la nchi, na jina likapanda nayo mpaka Ujiji.

Kipimo chake kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, na jora lilikuwa la yadi 30 hivi. Lakini mkono wa nani? Wazee hucheka wakifika hapo. Mwenye kudai nguo alimleta nduguye mrefu kuliko wote kijijini, na mwenye kutoa nguo alimtanguliza mtumwa wake mfupi, na asubuhi nzima ikaisha wawili hao wakilinganisha viwiko huku msafara umeketi juani.

Mzigo wa nguo uliitwa mtumba. Majora yalipangwa, yakakunjwa pamoja, yakanyanyuliwa na kubwagwa chini mpaka yakashikana, kisha yakazungushiwa mkeka na kukazwa kwa kamba ya makumbi hadi ukipiga ngumi inarudi. Ulitoka kama mto mrefu wa kulalia, wenye uzito wa frasila mbili, yaani ratili 70. Mpagazi aliufunga vijiti ubavuni ili akipumzika ausimamishe mtini, asilazimike kuuinua tena kutoka ardhini. Vijana wanaonunua suruali za mitumba sokoni leo hawajui kuwa wanataja mzigo wa babu zao.

Basi bei. Mtumba ukitoka Bagamoyo ulikuwa tayari umebeba deni, kwa kuwa wenye misafara wengi walikopa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na mkopo wa safari ya bara haukuwa wa rehema. Njiani wapagazi walikula posho, na posho ilinunuliwa kwa nguo ileile. Ugogo kulikuwa na hongo. Msafiri yeyote aliyepita huko alilaani hongo ya Ugogo, lakini nchi ile maji ni machache, na mwenye kisima ndiye mwenye neno. Ongeza walioiba, waliotoroka, waliokufa. Msafiri Mwingereza Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 akafika Kaze tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne. Jora lililofika salama lililipia na yale yasiyofika. Kwa hiyo doti ya Unyanyembe haikuweza kuwa na bei ya Unguja, na mwenye kudhani Mwarabu aliamka tu akaipandisha hajapata kutembea nyika ya Mgunda Mkali hata siku moja.

Waliokuwa Kaze nitawataja. Musa Mzuri, Mhindi, alifanya biashara hapa akafia hapa mwaka 1861. Snay bin Amir alianza maisha kwa kuuza vitamutamu Maskati, akatajirika kwa pembe na watumwa, akauawa vitani mwaka huohuo. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde binti Fundikira. Yatosha.

Hao ndio waliokuwa na ghala. Msafara haukuja kila wiki. Merekani ikipungua tembeni, hakuna wa kumtuma akachukue nyingine kesho, na mwenye funguo alijua hivyo. Hapo ndipo ilipoingia bei ya pili, ile isiyotokana na njia wala hongo, ila inatokana na kwamba ninayo na wewe huna.

Nitoke nje ya njia kidogo. Majuzi kijana wa jirani yangu hapa Ng'ambo alinionyesha kwenye simu gari la Kimarekani liitwalo Dodge Challenger SRT Demon, la mwaka 2018. Kiwanda kilitangaza kuunda 3,000 kwa ajili ya Marekani na 300 kwa ajili ya Kanada, basi, na bei kikaiweka dola 84,995. Wenye maduka wakasoma hesabu hiyo kama Snay alivyosoma ghala lake, wengine wakadai nyongeza ya makumi ya maelfu ya dola juu yake. Kwao huko majimbo mengi hayamruhusu mwenye kiwanda kumuuzia mnunuzi moja kwa moja, lazima apitie kwa wakala. Kiwanda kikabaki na hila moja: kikasema oda za bei iliyotangazwa au chini yake ndizo zitakazoundwa kwanza. Kijana aliona ni jambo jipya. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni merekani yenye magurudumu, na mtemi wetu mmoja aliwahi kuikabili kwa hila iliyokuwa kali kuliko hiyo.

Mtemi huyo ni Mnywa Sele, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Fundikira, aliyemtangulia, aliwaacha wageni wafanye biashara bila kuwatoza. Alikuwa mtemi mkubwa, sitamwondolea heshima, lakini kwa jambo hilo alilala. Alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sele akakalia kiti, akatazama ghala za Kaze, akasema: kila mali inayoingia nchini mwangu itoe sehemu yangu. Ugogo walikuwa wakitoza. Watemi wadogo wa njiani walikuwa wakitoza. Ni mwenye nchi ambako bei inapandia kuliko kote ndiye peke yake aliyekuwa hapati kitu! Waarabu wakakataa, wakaungana na wapinzani wake, na mwaka 1860 wakamweka Mkasiwa awe mtemi mahali pake.

Wapo wanaosema alifukuzwa kwa ukorofi, kwamba alikuwa mlevi na mgomvi. Maneno hayo yametoka katika nyumba zilizofaidika na kufukuzwa kwake. Msafiri Mwingereza Speke alikutana naye kabla ya kufika Kaze, mtemi anayeishi porini na watu wake, akamsikiliza kwa mdomo wake mwenyewe, na alichoeleza kilikuwa kodi ya bidhaa. Speke akajaribu kuwapatanisha na wenye ghala, asifanikiwe.

Vita vikaendelea miaka mitano. Mnywa Sele alikata njia, akavamia misafara, akatokomea, akatokea tena mahali pasipotarajiwa. Sasa tazama ajabu hii, ambayo wazee hawakuijua nami nimeikuta kwa kulinganisha miaka. Mwaka 1861 Wamarekani nao walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini. Pamba ilikuwa kusini, ikilimwa na watumwa, na viwanda vya Massachusetts vilikuwa kaskazini. Vinu vikakosa pamba, meli zikapungua, na merekani ikakaribia kukauka Unguja. Nguo za Uingereza na za Uhindini zikajaribu kuziba pengo, lakini mnunuzi wa bara alikuwa anaijua merekani kwa kuishika, akiifikicha kati ya vidole viwili. Kumbe nguo ile ilibanwa kwa ncha zote mbili: kule kiwanda kimekosa uzi, huku njia ameikalia Mnywa Sele. Kama kulikuwa na miaka ambayo doti moja iliyotunzwa sandukuni ilikuwa mahari ya kujivunia, ni hiyo.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alisimamisha msafara uliokuwa unaelekea Ujiji, akadai mitumba mitano ya nguo, bunduki tano na vipipa vitano vya baruti. Wakabishana kutwa, wakalipa. Alipokwisha kupokea akawaambia warudi walikotoka! Msafiri Stanley, aliyekuwa Kwihara wakati huo, ameiandika habari hiyo kwa hasira, nasi tunaisimulia kwa kicheko. Mirambo alifariki 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua na ghala lake la baruti mwaka 1893 Wajerumani walipomwingilia bomani. Viwanda vya Bombay vikawa vimeshaipokonya Salem soko. Reli ikafika Tabora 1912, na hapo mpagazi akawekwa kando, na bei ya njia ikafa.

Bei ya pili haikufa. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ya baada ya vita vya Kagera, foleni za kampuni ya biashara ya mkoa, vibali, na neno ulanguzi midomoni mwa kila mtu. Mwaka 1982 niliitafuta baiskeli ya Phoenix. Katika duka moja bei ya serikali ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na kwa bei hiyo baiskeli hakuna. Mwenye duka akanivuta nyuma ya pazia la khanga, akaninong'oneza bei nyingine, mara mbili ya ile ya ukutani. Baiskeli ilikuwa pale pale, imefunikwa gunia. Nililipa. Kengele alikuwa ameshaing'oa, akataka niinunue mbali. Mwaka uliofuata ulipoanza msako wa wahujumu uchumi watu walitupa bidhaa usiku, na mwaka 1984 serikali ikafungua mlango wa kuagiza, mitumba ikaanza kurudi Tabora, safari hii kwa treni na malori.

Kwa hiyo wanaoandika kwamba Mnywa Sele aliondolewa kwa ukorofi wake waandike upya: aliondolewa kwa kodi ya nguo. Alikamatwa na kuuawa mwaka 1865, mwaka uleule vita vya Marekani vilipokwisha.