Hisia na Mwili katika Uigizaji: Moraa na Mekatilili katika Nchi ya Gusii

Wahakiki wa sanaa za maonyesho wamezoea kuitafuta historia ya uigizaji katika majumba ya michezo na katika tamthilia zilizoandikwa. Kwa kufanya hivyo huwaacha nje wanawake ambao miili yao ilikuwa jukwaa kabla ya majumba hayo kujengwa. Nchi ya Gusii, penye genge la Manga na mabonde ya Kitutu, ina ushahidi wa jambo hili.

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, G. A. S. Northcote. Masimulizi ya Abagusii humtaja Moraa Ngiti, mganga na mtabiri, kuwa ndiye aliyewachochea vijana kwa kuwasuta hadharani. Silaha yake ilikuwa fedheha: sauti ya mwanamke mzima iliyowafanya wanaume waone haya. Miaka mitano baadaye, huko Giriama, Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, ili watu wakusanyike kupinga kodi na kazi ya lazima. Inasimuliwa kwamba alimletea Arthur Champion kuku na vifaranga, akamtaka atwae kifaranga kimoja. Kuku alipomdonoa, hoja ilikuwa imekwisha kuelezwa bila hotuba. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa kifungoni Kisii, katika nchi ile ile ya Moraa, akatoroka Januari 1914 na kurudi pwani kwa miguu.

Watawala waliwaita wanawake hao wachawi. Kwa jina hilo ustadi uligeuzwa kuwa wazimu, na hisia zikahesabiwa kuwa udhaifu wa kike. Hata hivyo, matanga yana utaratibu wake: mwombolezaji hodari hujua ni lini apaze sauti na ni lini anyamaze. Denis Diderot, katika mjadala wake uliochapishwa mwaka 1830, alishikilia kwamba mwigizaji anayewaliza wengine hana budi yeye mwenyewe atulie. Wanawake waliolelewa katika ngoma na maombolezo hawakuhitaji kufundishwa hayo na Mfaransa.

Kwa hiyo mwigizaji amwonyeshaye Moraa kwa mayowe na macho ya kutoka huirudia hukumu ya watawala. Yule asimamaye wima, akazipima pumzi zake, na kuwaachia wanaume kutetemeka, huikaribia zaidi historia.